Goti Moja Likivimba Peke Yake, Usiseme "Ni Rimatisimu Tu"



Kwetu huku, mtu akilalamika juu ya viungo, jina ni moja: rimatisimu. Leo nasema juu ya aina moja tu, ile vitabu vya Kiswahili vinaiita baridi yabisi. Hapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Vidole, vifundo vya mikono na magoti vinavimba, mara nyingi kuume na kushoto kwa pamoja. Wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume.

Sasa, mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kupata wa pili juu yake: mikrobe kuingia ndani ya kiungo na kufanya usaha. Kwa nini yeye? Kwanza, kiungo kilichokwisha kuharibika hakijilindi vizuri. Mikrobe ikitoka kwenye kidonda au jipu na kupita katika damu, inajikalisha pale. Pili, dawa zenyewe. Prednisoloni na deksametazoni, ile "dexa" ambayo watu wananunua kwenye farmasi bila karatasi ya munganga, zinatuliza uvimbe, lakini zinapunguza pia nguvu ya mwili kupigana. Tena zinaficha homa. Mtu anaweza kuwa na usaha ndani ya goti, na kipimajoto kisionyeshe kitu.

Mara nyingi mwenye kosa ni stafilokoko, mikrobe inayoishi kwenye ngozi zetu. Lakini kwa watu hawa tunakuta pia zile za nadra. Salmonela, ambayo wengi wanaijua kwa tumbo tu, inaweza kukaa ndani ya goti. Brusela na listeria zinaweza kupitia maziwa yasiyochemshwa. Pasterela inatoka mdomoni mwa paka ao mbwa, akikuuma ao akilamba kidonda. Na kifua kikuu kinaweza kula kiungo polepole, miezi na miezi, hata kama mgonjwa hakohoi.

Alama ya kushika ni hii: kiungo kimoja kinaacha wenzake. Vingine vimetulia, lakini goti moja limevimba ghafla, lina moto, na mgonjwa hawezi kulikanyagia. Hapo ndugu wa nyumbani wanasema: "Ni ile rimatisimu yake ya kila siku, itaisha tu." Wanaongeza dexa. Maumivu yanapungua kidogo, na mikrobe inaendelea kula. Gegedu, ile sehemu laini inayofunika mwisho wa mfupa, inaweza kuharibika ndani ya siku chache, na haioti upya kama ngozi. Hata pale matibabu yapo, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi anakufa.

Mimi ni mtu wa labo, kwa hiyo niseme ya kwetu. Damu peke yake haitoshi. Munganga anapaswa kuvuta maji ya kiungo kwa sindano safi, na kuyatuma labo mbele ya kuanza antibiotiki, isipokuwa kama mgonjwa yuko katika hatari kubwa na hawezi kungoja. Mara nyingi maji yanatufikia wakati mgonjwa amekwisha kumeza amoksisilini siku nne, tano. Tunaotesha, hakuna kinachoota, na hakuna anayejua adui ni nani. Stafilokoko inaota kwa siku moja ao mbili. Brusela inahitaji siku nyingi zaidi, kifua kikuu wiki kadhaa. Kwa hiyo mwambieni mtu wa labo mnashuku nini: mgonjwa anachunga ng'ombe? Aliumwa na paka? Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert inaweza kupima hata maji ya kiungo.

Dawa yake ni mambo mawili pamoja: kutoa usaha, na antibiotiki inayofaa kwa wiki kadhaa.

Kama uko na mama, shangazi ao jirani mwenye ugonjwa huu, mwambie mambo matatu: achemshe maziwa, asidharau kidonda, na goti moja likiwaka moto peke yake, aende hospitali siku ile ile. Lakini kama anameza prednisoloni kila siku, asiikate ghafla kwa woga, juu hiyo pia ni hatari. Amwambie munganga tu kwamba anaimeza.