KIMBUNGA KINAPOPATA NGUVU GHAFLA BAHARINI

Vyama vyenye wanachama wavuvi, na vile vyenye maghala karibu na pwani, havina budi kuelewa jambo moja juu ya vimbunga: dhoruba iliyo dhaifu leo jioni yaweza kuwa kimbunga cha kutisha kesho jioni. Wataalamu wa hali ya hewa husema kimbunga kimepata nguvu ghafla iwapo kasi ya upepo wake imeongezeka kwa kilomita 55 kwa saa, au zaidi, katika muda wa saa 24.

Chakula cha kimbunga ni joto la bahari. Maji yenye joto la kadiri ya nyuzi 27 za Selsiasi hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo hupanda, hupoa na kuwa matone ya mvua, na joto lililokuwa ndani yake hubaki angani. Hewa iliyopashwa moto huzidi kupanda, mgandamizo wa hewa katikati hupungua, na upepo huvutwa kwa nguvu zaidi, ukileta mvuke mwingine. Mara nyingi mawimbi huyavuruga maji na kuleta juu yaliyo baridi, kimbunga kikapungua. Lakini iwapo joto limeshuka hadi kina kirefu, na pepo za juu hazipishani sana na za chini, kimbunga huzidi kukua.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2019. Tarehe 23 dhoruba iliyokuwa kaskazini ya Madagaska ilipewa jina la Kenneth. Usiku wa tarehe 24 ilipita karibu na Ngazija. Tarehe 25, kasi ya upepo ikiwa imekwisha kupita kilomita 200 kwa saa, kimbunga kiliipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Watu wasiopungua 40 walifariki, na nyumba nyingi za kisiwa cha Ibo zilibomoka. Ng'ambo ya Ruvuma, wakazi wa Mtwara walikuwa wametahadharishwa.

Tangu kupewa jina hadi kufika nchi kavu zilipita siku mbili tu. Mvuvi aliye mbali hana muda wa kungoja aone mawingu. Kwa hiyo kila chama kiteue mapema mtu wa kusikiliza taarifa za hali ya hewa, kiweke orodha ya vyombo vilivyotoka, na kikubaliane mahali pa juu pa kuhifadhi nyavu, mbegu na vitabu vya hesabu. Tahadhari ya kwanza ndiyo ya kutekelezwa. Ya pili huenda ikachelewa.