Je, Wajua? Barakoa haifichi furaha

Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Waomani wengi waliotoka Zanzibar walirejea kuishi Oman, na Kiswahili wakaja nacho. Basi usishangae Darsait, jirani na Ruwi mjini Maskati, ukimsikia bibi akiuliza: “Umekunja uso una nini, mwanangu?”

Kwa Kiswahili, uso husema mengi: aliyeudhika hukunja ndita. Aliyefedheheka, uso humsawijika. Aliyestaajabu hutoa macho, na mwenye macho makavu hana haya hata chembe. Dharau ndiyo hatari zaidi: mtu akibetua mdomo tu, ugomvi umeshaanza.

Je, barakoa, ile ya wanawake wa Oman na wa Unguja ya zamani, huficha yote haya? Macho hubaki wazi, na hapo ndipo siri huvuja. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alieleza kuwa tabasamu la furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na kwamba msuli huo hautii amri ya kujilazimisha. Mwenye kukenua meno kwa adabu tu hugunduliwa upesi, hasa na mama mkwe.