Chandarua cha Kudumu

Chukua mfuko wa chandarua chako. Tazama maandishi yake. Mifuko mingi ina neno la Kiingereza LONG-LASTING. Je, unajua maana yake?

Neno hili limeungwa kwa maneno mawili. La kwanza ni muda mrefu. La pili ni kudumu. Kistari huyaunganisha yawe neno moja la kusifu kitu. Sisi tunasema: chenye kudumu muda mrefu.

Kinachodumu ni nini? Wengi hufikiri ni uzi. Sivyo. Kinachotajwa hasa ni dawa ya kuua mbu.

Zamani tulichovya chandarua katika maji ya dawa. Tulipokifua mara chache, dawa ilikwisha. Tulichovya tena. Mwaka 2003 kiwanda kimoja cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya namna nyingine. Dawa huchanganywa ndani ya uzi wenyewe. Ukifua, dawa ya juu hupungua. Ya ndani hutoka polepole, ikashika nafasi yake.

Lakini kudumu si kukaa milele. Chandarua hiki hutarajiwa kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3 hivi. Ukikifua kila wiki, mara 20 zitakwisha kabla ya miezi 5. Ukikifua kila baada ya miezi 3, kwa miaka 3 utakifua mara 12 tu.

Tumia sabuni ya kawaida na maji baridi. Usikipigepige juu ya jiwe. Kianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa. Usimwage maji yake mtoni, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Ukiona tundu, lishone siku hiyo hiyo.

Hapa Muheza mvua ni nyingi na mbu ni wengi. Malaria huua, hasa watoto wadogo. Chandarua kilichozungushiwa bustani ya mchicha hakimlindi mtoto. Kinachomlinda ni kile anacholalia ndani yake kila usiku, kilichochomekwa vizuri pande zote.

Neno hili utaliona pia kwenye betri za redio na makopo ya rangi. Kila ulionapo, jiulize: kinachodumu ni nini, na kwa muda gani?

Maswali
1. Katika chandarua hiki, kinachodumu hasa ni nini?
2. Kwa nini tunakianika kivulini?
3. Chandarua chako kina umri gani? Umekifua mara ngapi?