Anza na Ngome, Malizia na Kasri

Wanaokwenda kutembelea majumba ya kale ya Ufaransa wengi hukosea palepale kwenye ratiba. Asubuhi jumba hili, adhuhuri lile, alasiri la tatu. Jioni wakifungua picha kwenye simu, hawakumbuki tena ngazi ipi ilikuwa ya wapi. Mshika mbili, husemwa, moja humponyoka. Kwa majumba haya, mawili kwa siku yanashikika. La tatu ndilo linaloponyoka.

Bonde la mto Loire, kusini-magharibi ya Paris, lina majumba mengi kuliko likizo ya mtu yeyote. Mwaka 2000 UNESCO iliingiza kwenye Urithi wa Dunia sehemu yake yote iliyo kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes-sur-Loire. Kuyamaliza haiwezekani, basi kazi iliyobaki ni kuchagua na kupanga yapi yatangulie.

Hapo lugha yetu inasaidia. Mfaransa ana neno moja, château, kwa vitu viwili ambavyo Kiswahili kilivitenga zamani: ngome, mahali pa kujihami, kama Ngome Kongwe ya Unguja, na kasri, makao ya mfalme ya fahari na starehe. Akitaka kutaja ngome hasa, Mfaransa huongeza neno, château fort. Ukienda Loire na maneno yetu mawili mfukoni, utayasoma majumba kwa urahisi, kwa kuwa huku ndiko ngome ilikogeuka kasri. Vita vya Miaka Mia baina ya Wafaransa na Waingereza vilikwisha mwaka 1453. Mizinga ilikuwa imeanza kuzidharau kuta ndefu. Kisha kuanzia mwaka 1494 wafalme wa Ufaransa waliivamia Italia, wakarudi na mafundi na ladha mpya ya ujenzi.

Weka makazi yako katika mji wa Tours. Treni ya mwendo kasi kutoka kituo cha Montparnasse, Paris, hukufikisha Saint-Pierre-des-Corps, ubavuni mwa Tours, kwa muda wa saa moja hivi. Lala hapo usiku nne bila kuhamahama na mabegi, kila asubuhi utoke na kila jioni urudi.

Siku ya kwanza nenda Langeais, mji mdogo wenye kituo chake cha treni. Jumba lake lilianza kujengwa mwaka 1465, zama za Mfalme Louis XI. Usikimbilie kuingia. Simama kwanza barabarani: mbele yako kuna minara minene, daraja la kuinuliwa, na juu kabisa ujia wa walinzi unaozunguka ukuta. Hiyo ni ngome, haina mjadala. Sasa vuka lango, tembea hadi katikati ya ua, kisha geuka nyuma. Jengo ni lilelile, lakini upande huu lina madirisha makubwa na paa lililopambwa, nyumba ya mtu anayependa mwanga. Huko nje bado waliogopa adui. Huku ndani walikwisha kuanza kustarehe. Humo ndimo Mfalme Charles VIII alimooa Anne wa Bretagne mwaka 1491.

Alasiri nenda Azay-le-Rideau, kilomita kama kumi kwa gari au baiskeli. Gilles Berthelot, mtu wa hazina ya mfalme, alianza kujenga jumba la huko mwaka 1518 juu ya kisiwa katika mto Indre. Lina minara pembeni, ila ni myembamba na ya kurembesha. Haikukusudiwa kumzuia adui. Mnara ulikuwa umekuwa alama ya ukubwa wa mwenye nyumba. Ukubwa wenyewe haukudumu: hesabu za hazina zilipoanza kuchunguzwa, Berthelot alitoroka, na mfalme akalitwaa jumba.

Siku ya pili ni ya Amboise na Chenonceau. Katika jumba la Amboise, mwaka 1498, Charles VIII yuleyule alijigonga kichwa kwenye mlango mfupi, akafa saa chache baadaye. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo ni Clos Lucé, nyumba ambamo Leonardo da Vinci aliishi miaka yake ya mwisho kwa mwaliko wa Mfalme François I, hadi alipofariki mwaka 1519.

Chenonceau limekaa juu ya mto Cher. Diane de Poitiers, kipenzi cha Mfalme Henri II, ndiye aliyejenga daraja. Henri alipokufa mwaka 1559, mjane wake Catherine de Médicis alimwondoa Diane, na baadaye akainua juu ya daraja hilo ukumbi wa mita 60. Tembea hadi mlango wa mwisho wa ukumbi huo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Cher ulikuwa mpaka: mlango mkuu ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani, na huu wa kusini ulitokea upande usiokaliwa. Waliokuwa wakitoroka walipita hapo. Ukikata tiketi ya treni, kumbuka kijiji huandikwa Chenonceaux, kwa x mwishoni. Jumba halina x.

Siku ya tatu, Chambord, kwa kupitia mji wa Blois. Ujenzi ulianza mwaka 1519. Umbo lake ni la ngome, jengo la kati na minara minne mikubwa, lakini kazi yake ilikuwa uwindaji na fahari. Katikati kuna ngazi mbili zinazozungukana: apandaye na ashukaye huonana kupitia vidirisha bila kupishana. Vyumba utaviona vitupu. Msafara wa mfalme na watu wake ulikuwa wa kuhamahama, ukisafiri na vitanda na mazulia yake. Hata neno la Kifaransa la fanicha, meuble, asili yake ni kitu cha kuhamishika. Katika miaka 32 ya utawala wake, François I alikaa hapa siku zisizofika mia moja.

Sasa ya karatasi na mfuko. Viza ya Schengen huombwa mapema zaidi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima yake iwe ya angalau euro 30,000. Anayetaka kukodi gari abebe leseni ya kimataifa, na aliyezoea kuendesha kushoto ajihadhari: Ufaransa ni kulia, na gari nyingi ni za gia ya mkono. Julai na Agosti hujaa watu. Mei, Juni na Septemba ni afadhali. Usitegemee basi la kijijini siku ya Jumapili. Kabla ya kulipa, tazama bei inayokuhusu, kwani baadhi ya majumba ya serikali yameanza kutoza wageni wa nje ya Ulaya zaidi.

Na ukipata siku moja tu? Watu watakushauri Chambord, kwa ukubwa wake. Mimi nasema nenda Langeais, usimame katikati ya ua, ugeuke nyuma.