Treni, Reli Nyepesi na Mwendokasi: Kipi Kinafaa Wapi?

Vyombo vitatu vya usafiri wa umma hushindanishwa katika miji inayokua: treni ya abiria ya mjini, reli nyepesi na mabasi yaendayo haraka (mwendokasi). Vyote hubeba watu wengi. Kinachovitofautisha ni njia vinayopita, umbali kati ya vituo na gharama ya kuvitunza.

Treni ya mjini kwa kawaida hutumia reli iliyokwisha kujengwa kwa safari ndefu, ndiyo maana huanzishwa kwa gharama nafuu. Nairobi ilifungua kituo cha treni ya mjini cha Syokimau Novemba 2012. Mwezi uliotangulia, Dar es Salaam ilikuwa imeanzisha treni mbili, moja kwenye Reli ya Kati na nyingine kwenye reli ya TAZARA. Hata hivyo, reli ya zamani huja na masharti yake. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067, hivyo mabehewa ya huku hayapiti kule. Tena penye njia moja, treni hupishana stesheni tu, na ya abiria hulazimika kugawana nafasi na ya mizigo. Safari huwa chache, nyingi za asubuhi na jioni. Wanaonufaika zaidi ni wakazi wa pembezoni wanaokwenda kazini katikati ya mji.

Reli nyepesi hujengwa upya ndani ya mji, huendeshwa kwa umeme na vituo vyake hukaribiana. Addis Ababa ilizindua yake Septemba 2015: njia mbili zenye urefu wa takriban kilomita 34, zilizogharimu karibu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Treni hizo hazikai kwenye foleni wala hazitoi moshi barabarani. Lakini uhaba wa vipuri na wa fedha za kigeni za kuvinunulia uliziweka nyingi karakanani miaka michache baadaye.

Mwendokasi wa Dar es Salaam ulianza Mei 2016 kwa awamu ya kwanza ya kilomita 21 hivi, uti wake wa mgongo ukiwa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Basi hupita katikati ya barabara kwenye njia yake pekee, abiria hulipa kabla ya kupanda, na jukwaa la kituo hulingana na sakafu ya basi. Ujenzi wake ni nafuu kuliko wa reli nyepesi. Hata hivyo, njia huru peke yake haitoshi: mabasi yakipungua, vituo hufurika watu, na Bonde la Msimbazi likifurika maji eneo la Jangwani, inakopita njia hiyo, safari husimama.

Kwa hiyo treni hufaa masafa marefu penye reli tayari, na mwendokasi hufaa barabara kuu yenye abiria wengi katika mji wenye bajeti ndogo. Reli nyepesi huhitaji abiria wengi zaidi wa kudumu, pamoja na fedha za matengenezo zilizotengwa tangu mwanzo. Vyote vitatu hutegemea daladala au matatu za kuwafikisha abiria vituoni.