Ndege imefutwa na pesa iko kwa simu: ufanye nini?

WhatsApp ikiingia, usidhani laini yako inafanya kazi. Tueleze kwa mfano.

Jumanne tarehe 16 Aprili 2024, siku chache tu baada ya Idi, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Sehemu moja ya Al Ain ilipata zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika saa 24. Uwanja wa ndege wa Dubai ulijaa maji, safari zikafutwa kwa mamia, na mitaa kadhaa ya Sharjah ikabaki na maji kwa siku nyingi.

Sasa tuseme mama ametoka Kisauni kwenda kula Idi kwa binti yake Sharjah, na siku ya kurudi ndiyo hiyo. Amefika uwanjani, ndege hakuna, na binti hawezi kumfuata kwa sababu maji yamefika mlangoni. Mama ana shilingi 30,000 kwa simu. Kwa Wi-Fi ya uwanja anaandikiana na watoto Mombasa kwa WhatsApp, hakuna shida. Lakini akijaribu kulipia hoteli kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yake, anaambiwa asubiri msimbo kwa SMS. Anangoja. SMS haiji.

Ni kwa sababu Wi-Fi inabeba WhatsApp, lakini SMS ya kuthibitisha malipo hupitia kwa laini yenyewe, na laini ya Kenya ikiwa nje inahitaji rominga. Ifungue kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ukishakwama, hata kuifungua kunaweza kukushinda. Weka na kredo ya kutosha; usitegemee bando lako la kawaida, hilo ni la hapa nyumbani. Ukiogopa gharama, zima data ya rominga kwenye mipangilio ya simu, SMS zitaendelea kuingia. Ukinunua laini ya huko, usiitoe ya Kenya ukaitia kwa mkoba. Beba simu ya laini mbili, au hata kile kimulika mwizi cha zamani.

Na kama mmeshachelewa? Mtu aliye Kenya anaweza kumtumia mama pesa kwa huduma ya kutuma nje, azichukue kwa wakala akionyesha pasipoti. Andikeni jina kama lilivyo kwa pasipoti. Mtaani ni Mama Salma, lakini wakala wa Dubai hamjui Mama Salma. Tena muulizeni kwanza ni wakala gani anaweza kumfikia, kwa sababu pesa iliyo upande wa pili wa mji wenye mafuriko haitamnunulia hata chai.

Hapa kuwa makini sana, wakora nao husikiliza habari. Utapata ujumbe: "Mama amekwama Dubai, tuma haraka kwa namba hii." Namba ni ya Kenya, jina hulijui. Usitume. Hata ujumbe ukitoka kwa WhatsApp yake mwenyewe, yenye picha yake, akaunti huweza kuibwa. Mpigie, msikie sauti, umuulize kitu cha nyumbani: Idi mlipika nini? Mtu akitaka PIN yako au msimbo uliotumiwa kwa SMS ili "akusaidie", kata simu. Hata sisi hatukuulizi PIN.

Limebaki la tiketi. Safari ikifutwa na ukakubaliwa kurudishiwa pesa, kwa kawaida hurudi kwa njia ile ile uliyolipia. Ulilipa ajenti kwa namba yake ya till? Basi utamfuata ajenti, na atakachokuuliza kwanza ni nambari ya muamala. Kwa hivyo ile SMS ya malipo usiifute mpaka uwe umefika nyumbani, au pesa yako imerudi.