Mashahidi wa Maji: Askari wa Khedive Ismail

Wahenga wa pwani walisema: aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini wako walioondoka Kilindini wasirejee ngamani wala nyumbani, na walipolala hapajui mtu ila Mola wao.

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli tano zilizochukua askari ziling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, Ceylon. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, na 996 katika hao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwa njiani kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Vita vile viliwazoa vijana wetu kila upande: wa pwani na wa Ukambani, wa Meru na Embu chini ya Mlima Kenya, wa Uganda na Tanganyika. Kwa kijana wa bara, bahari ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, Mfunguo Tano mwaka 1363 wa Hijra, msafara ulikuwa umefika karibu na visiwa vya Maldivi. Yapata saa nane u nusu mchana, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili. Dakika tatu hazikutimia, meli ikazama. Aliyekuwa vyumba vya chini hakuiwahi ngazi.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Waliosalimika walikuwa wakielea majini, na adui amejificha chini yao. Manowari Paladin ilianza kuwaokoa. Lakini meli nne nyingine, zimejaa watu, zilikuwa bado hatarini. Nahodha wa manowari Petard, Rupert Egan, akaamua kutupa mapipa ya baruti ya kulipukia chini ya maji, na watu wamo majini. Nyambizi ikalazimika kuibuka, ikapigwa mpaka ikazamishwa. Msomaji, jiulize: ungekuwa wewe, ungeamua lipi?

Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliookolewa ni 214 tu.

Katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, lipo jengo la kumbukumbu ya askari wasiojulikana makaburi yao. Miongoni mwa walioandikwa majina pale wamo hawa wa Khedive Ismail.

Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi, na katika madhehebu yetu ya Shafi, maiti aliye mbali husaliwa sala ya ghaibu. Basi ikiwa nyumbani kwenu husimuliwa babu aliyekwenda vitani mwaka ule asirudi, iwe ni Lamu au Meru, nendeni Nairobi mkalitafute jina lake. Mkilipata, liandikeni, muwasomeshe watoto, na kila mmoja amwombee kwa dini yake. Kaburi hana, jina analo.